Neno "Set" na Kitabu Kilicho Mkononi Mwako

Wewe na wenzako mnakiita setbuku. Mwalimu wa Kiswahili huwasahihisha akisema "kitabu teule", mnaitikia, na kesho yake mnarudia setbuku. Si kosa kubwa. Hiyo ni sajili ya shule na kila shule nchini ina msamiati wake wa aina hiyo. Lakini hebu jiulize: "set" hapo ina maana gani? Wanafunzi wengi hujibu kuwa ni seti ya vitabu, yaani riwaya, tamthilia na hadithi fupi, vitatu vinavyokwenda pamoja kama seti ya sufuria. Jibu hilo linaingia akilini, na halina ukweli. Hata kama Baraza la Mitihani lingekutahini kitabu kimoja tu, hicho kimoja kingeitwa "set book". Neno hili hapa halihusu kundi. Linamaanisha kilichowekwa, kilichoteuliwa rasmi ili kila mtahiniwa akisome. "Teule" ya mwalimu wako ndiyo tafsiri yake hasa.

Tutalifuata neno hili kidogo katika sehemu hii ya mwongozo, ingawa ni la Kiingereza, kwa sababu linaonyesha kwa uwazi jambo linalowapotezea watahiniwa alama katika Kiswahili: kushika maana moja ya neno, ile ya kwanza kukujia, na kuilazimisha kila mahali.

Neno lililojaza kurasa

Toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford lilitoka mwaka 1989 likiwa na majuzuu 20. Humo, kidahizo kirefu kuliko vyote kilikuwa "set". Maelezo yake yalichukua takriban maneno 60,000, urefu wa riwaya nzima, na kitenzi peke yake kilihesabiwa maana zaidi ya 400. Baadaye wahariri walipoanza kuifanyia kamusi hiyo marekebisho, neno "run" lililipiku "set" kwa maana 645 za kitenzi. Angalia kwamba yote mawili ni maneno mafupi, ya silabi moja, yanayojulikana na mtoto wa chekechea. Maneno ya kitaalamu huwa na maana moja iliyofungiwa. Neno la kila siku ndilo hutumwa kila mahali, na kila linakotumwa hurudi na maana mpya.

Sasa jaribu kulitafsiri. Mwingereza "huset" meza. Mswahili huandaa meza, na wazee wa pwani husema huandika meza. Mwingereza "huset" mtihani, sisi tunautunga. Mtego tunautega, bei tunaipanga, saa tunairekebisha, nyumba tunaitia moto, mfungwa tunamwachilia huru, mfupa uliovunjika tunauunga, tanga tunalitweka. Simiti hushika, jeli huganda, jua hutua. Msafiri naye hufunga safari au hushika njia. Kote huko Kiingereza kinatumia neno lile lile moja, pengine likiwa na kijineno kingine nyuma yake.

Ndiyo maana "kuseti" haipendezi katika insha. Mwanafunzi anayeandika kwamba walimu "waliseti mtihani" hakukosa Kiswahili. Amepewa vitenzi kumi akachagua kuazima cha kumi na moja. Katika isimujamii unaweza kuutaja mfano huo chini ya utohozi au kuchanganya ndimi. Katika insha yako ya Karatasi ya Kwanza utumie kitenzi kinachostahili.

Mbegu moja, matawi mengi

Je, maana hizo 400 zilitoka wapi? Hazikurundikwa ovyo. Hapa somo lako la mnyambuliko litakusaidia kuliko unavyodhani.

Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi cha kukaa au kuketi, "sittan", ambacho leo ni "sit". Kutokana nacho kikaundwa kitenzi kingine, "settan", chenye maana ya kukifanya kitu kikae. Kwa istilahi zetu, "set" ni kauli ya kutendesha ya "sit". Sisi husema keti, ketisha. Wao walibadilisha irabu ya ndani.

Ukiishika mbegu hiyo ya "ketisha", matawi mengi yanajieleza yenyewe. Kuweka sahani mezani ni kuziketisha mahali pake. Kurekebisha saa ni kuiketisha mishale penye wakati sahihi. Kuunga mfupa ni kuurudisha ukae ulipokuwa. Simiti iliyoshika imetulia, haichezi tena. Bei iliyopangwa imeketishwa, muuzaji haisogezi. Hata jua, linaposhuka upande wa magharibi, ni kama linakwenda kuketi. Na kitabu kilichoteuliwa kimeketishwa katika silabasi kwa miaka kadhaa, hakuna mwalimu anayeweza kukibadilisha kwa matakwa yake.

Vipi basi kuhusu seti ya sufuria, seti ya vikombe, na ile seti ya namba inayofundishwa katika Hisabati? Huyo ni mgeni kutoka nyumba nyingine. Neno "set" lenye maana ya kundi lilitokana kwa kiasi kikubwa na Kifaransa cha kale, "sette", ambalo nalo lilitoka katika neno la Kilatini "secta", yaani watu wanaomfuata kiongozi au fundisho fulani. Neno la Kiingereza la madhehebu, "sect", ni ndugu yake. Mamia ya miaka ya kutamkwa sawa yakayafanya maneno hayo mawili yaonekane moja.

Uwanja wa voliboli una mfano ninaoupenda. Mchezaji anayeupandisha mpira taratibu ili mwenzake aupige huitwa "seta", na jina lake limetoka kwenye kuketisha: anauweka mpira mahali pake. Mchezo wenyewe huhesabiwa kwa "seti", kila moja ya alama 25, na ya tano ikifika huwa ya alama 15. Seti hiyo ni ya ukoo wa pili, wa kundi. Seta na seti, wavu mmoja, asili mbili.

Wanaisimu hutofautisha hali hizi mbili. Neno moja likiwa na maana kadhaa zinazohusiana, hali hiyo ni polisemia. Maneno mawili yasiyohusiana yakiwa na umbo moja na matamshi mamoja, hiyo ni homonimia. Katika mtihani wako yote mawili huwekwa kwenye kapu moja la vitawe, na hutaulizwa asili ya neno. Hata hivyo, ukijua tofauti hiyo utajua namna ya kutafuta maana ya pili. Pengine utaifuata mbegu, pengine utakumbuka neno jingine kabisa linalofanana nalo.

Vitawe vya kwetu

Utaona sasa kwamba baadhi ya vitenzi tulivyotumia kutafsiri "set" vina mizigo yao. Chukua tunga. Mtunzi hutunga shairi. Mtahini hutunga swali. Msichana hutunga shanga uzini. Jipu hutunga usaha, na mwanamke hutunga mimba. Mbegu ni ipi? Ni kukusanya vitu vidogo hadi viwe kitu kimoja. Ukiiona hiyo, hutahitaji kukariri orodha.

Andika ni vivyo hivyo. Unaandika barua, unaandika meza kabla ya wageni kuketi, mwajiri anamwandika mtu kazi. Tua nayo: ndege hutua, jua hutua, mchukuzi hutua mzigo, moyo wa aliyekuwa na wasiwasi hutua. Zote zinashuka na kutulia, na kwa kweli hakuna neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na mbegu ya "set" kuliko hili.

Kinyume chake ni maneno kama paa na kaa. Paa la nyumba, paa anayekimbia mbugani, na kupaa angani hayana mbegu moja unayoweza kuitegemea. Vivyo hivyo kaa wa baharini, kaa la moto na kukaa kitini. Hapa kinachokuokoa ni sarufi. Upatanisho utakuambia ni paa yupi: paa limevuja, paa amekimbia, ndege imepaa. Swali la vitawe katika Karatasi ya Pili, 102/2, ni dogo na wengi hulipuuza. Ni alama za bure kwa anayejali ngeli, na hupotea kwa anayetunga sentensi kama "Nimeona paa", sentensi ambayo msahihishaji hawezi kujua ni la nyumba au ni mnyama. Sentensi ya vitawe ni lazima ifunge mlango wa maana nyingine. "Mwindaji alimfukuza paa hadi mtoni" imefunga.

Kurudi kwenye vitabu teule

Sasa tuingie Karatasi ya Tatu, 102/3. Kila swali lina alama 20, na mojawapo ya maswali yasiyochakaa ni lile la kujadili ufaafu wa anwani. Watahiniwa hulipenda kwa kuwa linaonekana jepesi. Hufungua kwa maana moja ya neno la anwani, wanatafuta matukio kumi ya kuithibitisha, wanamaliza. Majibu hayo hupata alama za wastani. Jibu linalopanda juu ni lile la mtahiniwa aliyejua kwamba neno la anwani lina zaidi ya maana moja na kwamba mwandishi alilichagua kwa sababu hiyo.

Tazama Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi. Nguu ni vilele vya milima. Karibu kila mtahiniwa huandika kwamba nguu ni vikwazo vinavyopaswa kushindwa, na hapo hajakosea: Mangwasha na wenzake wana vilima vya kupanda. Ila kilele si kizuizi tu. Kilele ni mahali pa juu panapoonekana kutoka mbali, mahali ambapo mtu hujivunia kusimama. Jadi inaweza kuwa fahari ya watu na pia kuwa mlima unaowazibia njia. Halafu lipo neno la pili, ambalo ndilo linaloachwa mara nyingi. Jadi ni mila na desturi, naam. Jadi pia ni asili, nasaba, ukoo alikotoka mtu. Katika riwaya ambamo Waketwa wanabaguliwa na utawala wa Mtemi Lesulia unaowapendelea Wakule, maana hii ya nasaba ina uzito kuliko ile ya mila. Anayeandika kuhusu mila peke yake amejibu nusu ya swali. Soma upya sehemu za kinyang'anyiro cha uongozi, hasa zinazomhusu Lonare, ukiuliza kila mara: hapa jadi ni desturi, au ni damu?

Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, ina neno ambalo halihitaji kamusi. Ulicheza kwenye bembea ukiwa mdogo. Kwa hiyo unaandika: maisha yana kupanda na kushuka, Sara anaugua, Yona anazongwa na pombe, Neema ana wazazi upande mmoja na ndoa yake na Bunju upande mwingine. Vizuri. Lakini ifikirie bembea yenyewe kama kifaa. Inaning'inia kwa kamba, na kamba imefungwa mahali. Hurudi kila mara ilikotoka. Mtoto akichoka kujisukuma, kuna mtu nyuma yake anayemsukuma. Waulize wahusika maswali hayo. Nani anamsukuma Neema? Kamba ya familia ya Yona na Sara imefungwa kwenye nini? Kuna na neno jirani, kubembeleza, la kumtuliza mtoto au mgonjwa au mume mwenye hasira, na sidhani kuna mwanafunzi atakayeisoma tamthilia hiyo bila kukutana na mtu anayebembelezwa. Usiseme katika jibu lako kwamba bembea maana yake ni kubembeleza, si kweli. Unaweza kusema kwamba sauti yake inalikumbusha, na uonyeshe ni wapi.

Mkusanyiko wa Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine unaturudisha kwenye jua. Tulisema kwamba kwa Kiingereza jua "huset". Kiswahili kina kutua, kuzama, na kitenzi cha zamani zaidi, kuchwa, ambacho ndicho kilichozaa machweo. Kitenzi hicho kina umbo la pili, kutwa, na bado unalitumia kila siku unaposema mchana kutwa, yaani mchana hadi jua lizame. Wa pili wake ni kucha, kupambazuka: kumekucha, usiku kucha. Kati ya kucha na kuchwa kuna herufi moja tu, w. Lugha yenyewe imeviweka alfajiri na jioni mlango kwa mlango, na anwani ya hadithi imevunja ukuta uliobaki.

Mtahiniwa wa kawaida ataandika kwamba anwani hii ni tanakuzi, kwa sababu mapambazuko na machweo ni vinyume. Apate alama yake. Wewe endelea. "Ya" katika anwani hii ina maana gani? Kihusishi hiki cha a-unganifu nacho kina maana nyingi mno, ni "set" yetu ndogo. Mapambazuko ya machweo ni mapambazuko yaliyo ndani ya machweo, nuru inayomfikia mtu jioni ya maisha yake? Au ni mapambazuko yanayoleta machweo, siku ya kuanza kuangamia kwa mtu aliyedhani jua lake halitazama? Hadithi inaweza kuzibeba zote mbili, kwa wahusika tofauti.

Kisha yatazame majina. Kuna Makucha, kuna mkewe Macheo, na kuna Makutwa. Macheo ni wakati jua linapochomoza. Katika Makutwa unasikia kutwa. Katika Makucha masikio husikia mawili kwa pamoja, kucha kwa alfajiri na makucha ya mnyama, chombo cha kushikia na kujitetea. Ukiulizwa kuhusu mbinu ya majazi, usiishie kusema majina yanawiana na tabia. Onyesha maana zote mbili za jina, kisha onyesha ni tendo gani la mhusika linaloithibitisha kila moja. Usipopata tendo la kuithibitisha maana ya pili, iache. Maana isiyo na ushahidi kitabuni ni yako, si ya mwandishi, na msahihishaji hana pa kuiwekea alama.

Neno jingine la ukoo huo

Kabla hujafunga ukurasa, kuna mtoto wa "set" unayekutana naye katika somo la fasihi ya Kiingereza: "setting". Kwa Kiswahili ni mandhari. Hapa kosa la maana moja hujirudia. Ukiulizwa mandhari, unataja mahali: mjini, kijijini, hospitalini. Mandhari ni mahali, wakati, na pia hali ya kijamii inayowazunguka wahusika, yaani pale wanapoketishwa na mwandishi. Ofisi ya serikali enzi ya uongozi wa haki si mandhari moja na ofisi hiyo hiyo enzi ya ubaguzi, ijapokuwa meza ni zile zile.

Zoezi

1. Tunga sentensi tatu ukitumia neno tua kwa maana tofauti. Hakikisha kila sentensi haiwezi kusomwa kwa maana nyingine.

2. Kwa kutumia upatanisho wa kisarufi, tofautisha maana tatu za kaa.

3. "Anwani Nguu za Jadi inahusu nasaba kuliko inavyohusu mila." Jadili. (alama 20)

4. Eleza maana mbili zinazoweza kutokana na a-unganifu katika anwani Mapambazuko ya Machweo, na uonyeshe ni mhusika yupi anayefaa kila moja.

5. Chagua mhusika mmoja wa Bembea ya Maisha. Eleza ni nani au ni nini kinachomsukuma, na bembea yake imefungwa kwenye nini.